Fahamu: Je, virutubisho vya kukuza matiti vinasaidia, na ni salama?

Ni vidonge, unga au chai ya mitishamba inayouzwa mitandaoni na madukani, Eldoret kama kwingineko, kwa ahadi ya kuongeza matiti bila upasuaji.

Vina nini ndani?

Mara nyingi ni uwatu, shamari au soya. Mimea hii ina kemikali zinazoiga, kwa nguvu ndogo, estrojeni, homoni inayokuza matiti wakati wa kubalehe. Huko Pwani, uwatu hutumiwa na waliojifungua ili maziwa yatoke. Kuongeza maziwa, hata hivyo, si kukuza titi.

Vinafanya kazi?

Hakuna utafiti wa kuaminika uliothibitisha hivyo. Matiti hujaa yenyewe kabla ya hedhi, kisha hurudi. Anayemeza vidonge siku hizo huvisifu bure.

Hatari

Uwatu hushusha sukari na unaweza kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mjamzito, au aliyewahi kuugua saratani ya matiti, asivitumie bila daktari. Kinachotisha zaidi ni kopo lisiloorodhesha viambato: huenda limechanganywa na homoni halisi. Mwulize mfamasia kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Ukihisi uvimbe kwenye titi, usisubiri. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, mjini Eldoret, ina kituo cha saratani.