Paneli Mpya Kando ya Paneli Kongwe

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililo baharini mkabala wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, na ubavuni ilikuwa na mabawa manne ya sola. Hesabu yote ya umeme wake ilibidi ikamilike kabla haijaondoka, maana hakuna fundi ambaye angepanda huko kuiongezea bawa la tano.

Sisi tulio chini, Ganda, Mambrui au Takaungu, tunayo nafasi hiyo. Mtu huanza na paneli moja ya taa na kuchaji simu. Baadaye huja televisheni, kisha friji, na paneli ile haitoshi tena. Ananunua ya pili akiamini kuwa wati 100 na wati 200 ni wati 300. Huenda akazipata zote, na huenda akabaki na 200 tu, hata kama paneli zote mbili ni nzima.

Geuza paneli utazame karatasi iliyobandikwa mgongoni. Wengi husoma wati na kuishia hapo, ilhali nambari za kuamulia ni zile za chini yake: Vmp na Imp, yaani volti na ampea paneli inapofanya kazi vizuri kabisa, halafu Voc, volti zake ikiwa haijaungwa na kitu. Kila seli ya silikoni, iwe ndogo au kubwa, ikiwa kazini hutoa takriban nusu volti. Upana wa seli huongeza ampea, hauongezi volti. Ndiyo sababu paneli ya seli 36, ile iitwayo “ya volti 12”, huwa na Vmp ya volti 18 hivi, iwe ya wati 100 au 200. Ya wati 100 hutoa ampea 5.6, ya wati 200 hutoa ampea 11.

Sasa ziunge. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki 18 na ampea hujumlishwa kuwa karibu 17. Hizo ndizo wati 300 zako. Ukiziunga kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti hupanda hadi 36, lakini mkondo ni mmoja na lazima upite katika paneli zote mbili. Ni kama watu waliopanga mstari kupitishiana makarai ya zege siku ya kumwaga slabu: wote huenda kwa mwendo wa aliye mzito. Ampea hushuka hadi 5.6, na hupati zaidi ya wati 200 hivi. Nusu ya paneli mpya imepotea, na hakuna taa nyekundu itakayokujulisha.

Madukani leo paneli kubwa nyingi si za volti 12 tena. Chukua ya seli 60, wati 330, volti 33 na ampea 10. Ukiiunga sambamba na ile kongwe ya volti 18, itavutwa chini hadi volti 18, na wati 330 ulizolipia zitakuwa 180. Kwa mchanganyiko kama huo mimi sioni njia iliyo bora kuliko kuipa kila paneli kontrola yake, kisha kontrola zote mbili zichaji betri moja. Gharama huongezeka, lakini hakuna paneli inayoivuta nyingine chini.

Kontrola yenyewe ina mipaka yake. Ile ya ampea 10 iliyokuja na paneli ya wati 100 haiwezi kubeba ampea 17. Volti ndizo hatari zaidi: Voc ya paneli zilizofuatana ikipita kiwango kilichoandikwa kwenye kontrola, inaweza kuungua papo hapo. Na waya je? Waya wa milimita 2.5 za mraba unaotoka paani hadi kwenye betri umbali wa mita 10 ulikuwa ukipoteza chini ya volti moja. Ampea 17 zikipita humo, zaidi ya volti mbili huishia kuwa joto. Wa milimita 6 hupunguza hasara hiyo kwa zaidi ya nusu. Betri nayo haikuongezeka kwa kuongeza paneli. Ikiwa hujaa saa sita mchana, paneli mpya haitairefusha taa ya usiku.

Hapo ndipo majira ya kwetu yanapoingia. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hata mtambo mdogo hujaza betri mapema. Mtihani ni Mei, masika yanapofunga anga. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni, saa sita mchana, huwa limeegemea kaskazini kwa nyuzi 27 hivi. Paneli iliyoinamishwa kidogo kuelekea kaskazini, nyuzi 10 au 15, hulipokea vyema katika miezi ile ya mawingu, na mvua huteremka ikiiosha. Desemba jua huhamia kusini, na mnazi ambao haukuwa na kosa lolote mwezi Juni huanza kutupa kivuli. Kuti moja likivuka paneli linaweza kuzima theluthi nzima ya seli zake.

Joto nalo hula sehemu yake. Wati za kwenye karatasi hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi moja juu ya hapo hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.4. Paneli iliyolazwa juu ya mabati hufika nyuzi 60 bila taabu, na hapo asilimia 14 imekwenda. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati yake na bati, upepo upite.

Kabla ya kuunga, fungua soketi za paneli kongwe. Karibu na bahari, hasa upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, ncha za shaba huota ukungu wa kijani, na mahali hapo waya hupata moto kila mkondo mkubwa unapopita. Kata, weka soketi mpya za aina moja kwa paneli zote. Kanuni za sola za Kenya za mwaka 2012 zilitaka fundi awe na leseni, na mwenye leseni atajua kwamba paneli iliyo juani haina swichi ya kuzima nguvu zake: huifunika kwa blanketi zito au hungoja magharibi, kisha ndipo ashike waya.