Mkazo Ndani ya Jiwe: Daraja la Mungu, Rungwe

Karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, mto Kiwira hupita chini ya daraja ambalo halikujengwa na fundi yeyote. Ni mwamba uliotokana na lava, unaounganisha kingo mbili za mto, nao hujulikana kwa jina la Daraja la Mungu. Mwamba huo hauna nondo ndani yake. Mbona basi haukatiki katikati?

Jibu hupatikana kwa kalamu na karatasi. Vipimo vifuatavyo ni vya mfano tu, si vya daraja lenyewe. Na ichukuliwe boriti ya jiwe iliyonyooka, yenye urefu wa mita 20 kati ya maegemeo, upana wa mita 1 na kina cha mita 1. Mita moja ya ujazo ya basalti ina uzito wa kilonyutoni 27 hivi. Kwa hiyo kila mita ya boriti ina uzito huo.

Boriti hupinda kidogo kwa uzito wake. Tabaka za juu hubanwa, za chini huvutwa, na kati yake ipo tabaka isiyobanwa wala kuvutwa. (Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alidhani kwamba mkato wote huvutwa.) Momenti ya katikati ni uzito wa kila mita, mara mraba wa urefu, gawanya kwa 8:

27 × 400 ÷ 8 = 1,350 (kilonyutoni-mita)

Mkazo wa tabaka ya chini kabisa ni momenti hiyo mara 6, ikigawanywa kwa upana na kwa mraba wa kina. Hapo hupatikana nyutoni 8.1 kwa kila milimita mraba.

Kama ungekuwa mgandamizo, mkazo huo usingekuwa kitu. Basalti nzima mara nyingi huhimili zaidi ya nyutoni 100. Lakini huu ni mvuto, na jiwe ni dhaifu mno kwa mvuto. Penye ufa halihimili karibu chochote, na lava inapopoa husinyaa ikapasuka. Boriti hiyo isingefaa kuaminiwa.

Sasa jiwe lile lile na liwe tao lenye kimo cha mita 5, uzito ukienea sawasawa. Momenti ile ile ikigawanywa kwa kimo hutoa kani ya mlalo:

1,350 ÷ 5 = 270 (kilonyutoni)

Kileleni mkazo ni nyutoni 0.27 tu kwa kila milimita mraba, yaani sehemu moja ya thelathini ya ule wa kwanza. Tena wote ni mgandamizo. Nyufa hubanwa badala ya kufunguliwa. Sharti ni moja: kani ipite ndani ya theluthi ya kati ya unene wa tao. Ikitoka humo, upande mmja huanza kuvutwa.

Wanafunzi 40 wenye kilo 60 kila mmoja wana uzito wa kilonyutoni 24, pungufu ya mita moja ya jiwe lenyewe. Ukingo ndio wa kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa unasukumwa kwa kilonyutoni 270 mchana na usiku, na Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mto ukila udongo wa chini, egemeo husogea, tao hufunguka, na kani huhama kutoka theluthi ya kati. Mwanafunzi akiunganisha kani hiyo ya mlalo na ya wima, ambayo nayo ni 270, ataona kwamba ukingo husukumwa kwa kilonyutoni 382 hivi, kwa pembe ya nyuzi 45.