WAYUNANI WA KALE: WATU WALIOPOTEZA MAANDISHI YAO

Nchi ya Ugiriki, ambayo katika Maandiko huitwa Uyunani, iko upande wa kusini-mashariki wa bara la Ulaya, nayo imezungukwa na bahari pande tatu. Ni nchi ya milima na mawe. Mlima ulio mrefu kuliko yote, Olympus, umepita futi 9,500, na Wayunani wa kale waliamini kuwa ndio makao ya miungu yao. Mabonde ni membamba, mito mingi hukauka wakati wa kiangazi, na udongo mzuri ni haba. Ngano na shayiri zilipatikana kwa jasho. Lakini mizeituni na mizabibu ilistawi hata katika miteremko yenye mawe, na mbuzi na kondoo walipata malisho.

Milima hiyo iliwatenga watu. Aliyekaa katika bonde moja hakuweza kumfikia jirani wa bonde la pili ila kwa taabu, na hii ni sababu mojawapo iliyofanya miji kama Athene, Sparta na Korintho ijitawale kila mmoja peke yake. Bahari nayo iliwaunganisha. Hakuna mahali katika nchi hiyo palipo mbali na pwani kupita maili 100, na visiwa vimetapakaa baharini hata nahodha aliweza kusafiri mpaka pwani ya Asia akipita kisiwa baada ya kisiwa.

Ustaarabu mkubwa wa kwanza wa sehemu hizo haukuwa wa Wayunani wenyewe. Ulizuka katika kisiwa cha Krete, chenye urefu wa maili 160 hivi, ambako majumba makubwa yalianza kujengwa karibu na mwaka 2000 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mwaka 1900 Mwingereza mmoja, Arthur Evans, alianza kufukua mahali paitwapo Knossos, akafunua jumba lenye vyumba vingi mno, mifereji ya maji, kuta zilizopambwa kwa picha za rangi, na ghala zenye mitungi mikubwa, mingine ikilingana na kimo cha mtu. Watu wa Krete walikuwa na mwandiko wao, ambao hata leo haujasomeka.

Wayunani wa bara walijifunza mengi kutoka Krete. Tangu karibu na mwaka 1600 kabla ya Kristo ufalme wao ulipata nguvu, na baadaye walijenga ngome za mawe makubwa. Iliyo mashuhuri ni Mycenae, ambako Mjerumani Heinrich Schliemann alifukua makaburi yenye dhahabu nyingi mwaka 1876. Wayunani hao waliuchukua mwandiko wa Krete wakaugeuza ufae lugha yao. Makarani wa majumba waliandika juu ya vibao vya udongo mbichi hesabu za kondoo, sufu, mafuta, nafaka, magurudumu ya magari ya vita, na posho za wafanya kazi.

Karibu na mwaka 1200 kabla ya Kristo majumba mengi yaliteketezwa kwa moto. Wataalamu hawajapatana juu ya sababu: wengine hutaja vita, wengine njaa, wengine matetemeko ya nchi. Moto huo huo ulivichoma vile vibao vikawa vigumu kama matofali, na hivyo hesabu za makarani zikahifadhika ardhini kwa miaka zaidi ya 3,000. Mwaka 1952 Michael Ventris, Mwingereza ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo, alitambua kuwa lugha iliyoandikwa humo ni Kiyunani.

Lakini yafaa kuangalia yale yaliyofuata baada ya moto. Mwandiko ule ulikuwa na alama zaidi ya 80, nao ulikuwa kazi ya makarani wachache waliotumikia majumba. Majumba yalipoanguka, hapakuwa na mtu wa kuuendeleza. Kwa muda wa miaka 400 hivi Ugiriki ilikaa bila maandishi. Watu hawakuacha kulima, wala kusafiri baharini, wala kusimulia habari za mashujaa wao. Ila kila jambo lilitegemea kumbukumbu ya mtu, na mtu hufa.

Baada ya mwaka 800 kabla ya Kristo Wayunani walipata tena maandishi, safari hii kwa Wafoinike, wafanya biashara wa pwani ambayo leo ni Lebanoni. Herufi za Wafoinike zilikuwa 22 tu, lakini hazikuonyesha sauti kama a, e na o. Wayunani walizichukua herufi walizokuwa hawana haja nazo, wakazipa sauti hizo. Hivyo mwandiko ukawa mwepesi, hata mtoto aliweza kujifunza. Baadhi ya maandishi ya zamani kabisa ya namna hii yamekutwa yamechorwa juu ya vyombo vya divai, wala si katika hesabu za mfalme.

Kutoka kwa Wayunani herufi hizo zilifika Italia, Warumi wakazitengeneza kwa lugha yao, na kwa herufi za Kirumi Kiswahili huandikwa leo. Neno alfabeti lenyewe ni majina ya herufi mbili za kwanza za Kiyunani, alfa na beta. Elimu iliyofungiwa ndani ya jumba ilipotea pamoja na jumba. Ile iliyogawiwa watu wengi ingali hai.