Habari za Visiwa vya Wanyama: Saanane na Rubondo

Kila msafiri aingiaye Mwanza kwa njia ya maji hukiona kisiwa cha Saanane, lakini ni wachache wajuao habari zake, au jinsi kilivyohusiana na kisiwa cha Rubondo. Twapenda kuzieleza, maana wengi hudhani kwamba wanyama wote wa hifadhi walikuwapo tangu zamani. Sivyo ilivyokuwa huku kwetu ziwani.

Saanane ni kisiwa kidogo cha mawe, karibu sana na mji. Kilikuwa mali ya Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1964 Serikali ilianzisha hapo bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Tena palikuwa kituo: wanyama waliokusudiwa kupelekwa Rubondo walitunzwa pale kwanza. Mwaka 2013 Saanane ikawa Hifadhi ya Taifa.

Ama Rubondo ni kisiwa kikubwa chenye msitu mnene, upande wa kusini magharibi wa ziwa, na sasa kimo katika Mkoa wa Geita. Wenyeji wake wa asili ni nzohe, pongo, viboko na mamba. Watu nao walikaa humo, wakivua na kulima. Katika miaka ya 1960 walihamishwa, wakaacha makao na mashamba yao; mwaka 1965 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa.

Kwa nini kilichaguliwa kisiwa? Kwa sababu maji ni kama ua wa boma. Mnyama hatoki kwenda kula mashamba ya watu, wala Rubondo haina simba. Basi wakaletwa vifaru 16, twiga 12 na tembo 6, pamoja na mbega na korongo.

Walioshangaza zaidi ni sokwe. Bwana Bernhard Grzimek wa Frankfurt, katika Ujerumani, aliwaleta 17 kati ya mwaka 1966 na 1969. Walikuwa wamezaliwa katika misitu ya Afrika, wakakamatwa wakiwa wadogo, wakafungiwa Ulaya kwa miaka. Walipofunguliwa Rubondo hawakuwa wamefundishwa maisha ya msituni. Wengine walikuwa wakali, na madume mawili yalipigwa risasi kwa kuwa yalishambulia watu. Lakini baada ya mwaka mmoja hivi waliosalia walijua matunda ya kula, wakajenga viota vyao vya kulalia mitini. Wajukuu wao wamo humo hata leo.

Twiga, tembo na mbega walizaa, wakaongezeka. Vifaru hawakubahatika: waliuawa na majangili mpaka wakaisha, na korongo nao wakatoweka. Hapo pana fundisho. Maji humzuia mnyama asitoke, lakini hayamzuii mwenye mtumbwi asiingie. Ulinzi wa kweli ni watu.

Wengine huuliza, sisi wa vijijini twapata faida gani? Jibu limo majini. Mipaka ya hifadhi ya Rubondo huchukua na maji yanayoizunguka, na kuvua humo bila kibali kumekatazwa. Sato na sangara hupata mahali pa kuzaliana bila kusumbuliwa, kisha wengi hutoka nje ya mipaka wakaingia katika nyavu za wavuvi. Atupaye kokoro usiku ndani ya mpaka huo aiba samaki wa kesho wa jirani zake.

Basi twawaomba walimu wawaeleze watoto habari hizi, na wazee wa vijiji wazitaje mikutanoni. Wala wasisahau kuwataja watu waliohama, kwa maana waliacha nchi yao ili msitu ule upate kubaki.