Mpako, Toharani na Marehemu: Msamiati wa Mauti katika Kiswahili cha Wakatoliki wa Thika na Ruiru

Jina la ibada laweza kudumu katika vinywa vya watu hata baada ya ibada yenyewe kubadilika. Mfano mmoja ni sakramenti ambayo Wakatoliki wa Thika na Ruiru huiita rasmi Mpako wa Wagonjwa, na ambayo wazee wengi bado huiita mpako wa mwisho. Makala hii yakusudia kuchunguza jina hilo pamoja na maneno mengine machache yanayolizunguka, na kuonyesha jinsi msamiati uliotoka pwani ulivyofasiriwa upya katika nchi ya Wagikuyu.

Kwanza yafaa kueleza njia iliyopitwa na maneno hayo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar tangu mwaka 1863, na Bagamoyo tangu 1868. Walifika Bura, Taita, mwaka 1892 na Nairobi mwaka 1899, kisha wakaendelea hadi nchi ya Kiambu, ambako Mang'u, karibu na Thika, ilipata kuwa kituo chao mashuhuri. Walipopanda bara walikuwa wamekwisha kujifunza Kiswahili miongoni mwa Waislamu, na istilahi nyingi za mauti walizozikuta zilikuwa zimeundwa kwa mizizi ya Kiarabu. Wenyeji wa Thika na Ruiru walifundishwa dini kwa Kigikuyu pia. Lakini mashamba ya kahawa na mkonge, na viwanda vilivyofuata, viliwaleta Wakamba, Waluo, Waluhya na wengineo, na kwa sababu hiyo kando ya kitanda cha mgonjwa, na katika matanga ya watu wa makabila mbalimbali, Kiswahili ndicho kinachotegemewa.

Neno *mpako* limetokana na kitenzi *paka*, yaani kutandaza kitu laini juu ya kingine. Kitenzi hichohicho ndicho kilichotumiwa na wafasiri wa Biblia katika Waraka wa Yakobo, sura ya tano, mahali wazee wa kanisa wanapoagizwa kumwombea mgonjwa na kumpaka mafuta. Kigikuyu kwa upande wake kina *gũitĩrĩria maguta*, ambacho ni kitenzi cha kumimina. Picha ya Kiswahili ni ya mganga wa nyumbani na dawa yake. Picha ya Kigikuyu ni ya kutawazwa. Hapana shaka ile ya kwanza iko karibu zaidi na tendo lenyewe, maana padri hupaka mafuta kidogo tu, na leo ni katika paji la uso na mikono, ilhali zamani alipaka macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu.

Mabadiliko hayo yaliletwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1963 Mtaguso ulitamka kwamba yafaa zaidi sakramenti hii iitwe mpako wa wagonjwa, kwa kuwa si ya wale tu walio katika saa ya kufa. Tarehe 30 Novemba 1972 Papa Paulo VI akaidhinisha taratibu mpya, akaruhusu pia mafuta ya mimea mingine mahali ambapo ya mzeituni ni adimu. Tangu hapo mgonjwa anayeanza kuwa hatarini kwa maradhi au kwa uzee aweza kupakwa, na akipona akaugua tena aweza kupakwa mara ya pili.

Haya ni mambo ya sheria, lakini neno *mwisho* halikuondoka kwa amri. Mwenye kusikia kwamba padri ameitwa kwa ajili ya mpako wa mwisho husikia hukumu. Jamaa huogopa kumtia mgonjwa hofu, basi hungoja. Na mara nyingi padri hufika mgonjwa akiwa amekwisha kupoteza fahamu, hawezi tena kuungama wala kupokea Komunyo. Akikuta amekwisha kukata roho, hana la kufanya ila kumwombea, kwa maana maiti hapakwi mafuta. Hapa jina huweza kumnyima mtu kile ambacho jina hilo lilikusudiwa kukitaja. Jambo la ajabu ni kwamba sakramenti ya mwisho kwa haki, katika mafundisho ya Kanisa, si mpako hata kidogo, bali ni Komunyo apewayo anayeaga dunia. Kilatini huiita kwa neno la njia na safari, nacho Kiswahili kina *masurufu*, neno la wasafiri, ambalo linafaa sana. Ni bahati mbaya kwamba halisikiki sana nje ya vitabu.

Umezuka pia utata mpya. Makanisa ya Kipentekoste, ambayo ni mengi katika miji yote miwili, yamelieneza neno *upako* kwa maana ya nguvu ya kiroho anayokuwa nayo mhubiri. Tofauti ni ya ngeli tu: *mpako* ni tendo, *upako* ni hali au sifa. Anayesema "upako wa wagonjwa", na wapo Wakatoliki wasemao hivyo, huweza kueleweka kuwa anazungumzia uwezo wa padri wa kuponya.

*Toharani* ni neno gumu zaidi. Kiarabu chake chahusu usafi, na kwa Mwislamu wa pwani tohara ni usafi wa ibada kwa jumla. Bara, hata hivyo, maana iliyotangulia akilini ni kutahiriwa, ambako Wagikuyu hukuita *irua*. Kijana wa Ruiru anayesikia kwamba roho ziko toharani hana budi kupatanisha mambo mawili. Si lazima apotee njia: irua nayo ni maumivu yanayovumiliwa kwa tumaini, na anayeyapitia huingia katika daraja jipya. Tatizo kubwa limo katika kiambishi *-ni*. Tarehe 4 Agosti 1999 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba toharani si mahali bali ni hali ya kuwa. Sarufi ya Kiswahili yasisitiza kwamba ni mahali, na hata yamlazimisha msemaji kuchagua ni mahali pa namna gani. "Roho zimo toharani" huzifungia ndani. "Roho ziko toharani" huziacha mbali tu.

Kinyume chake, *marehemu* ni neno lililobahatika. Limetoka katika mzizi mmoja na *rehema*, na maana yake ya asili ni aliyerehemiwa. Anayeomba rehema kwa ajili ya marehemu anaomba jambo ambalo neno lenyewe limekwisha kulikiri, na hilo lalingana vyema na mafundisho kwamba aliyeko toharani ana hakika ya wokovu ingawa bado anatakaswa.

Lipo hatimaye suala la wafu wenyewe. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alieleza kwamba Wagikuyu walitambua *ngoma* za aina tatu: za wazazi, za ukoo na za rika. Kwa Mswahili ngoma ni chombo cha kupigwa, ambacho Mgikuyu hukiita *kĩhembe*. Maneno hayo mawili yamefanana kwa sauti tu. Katika lugha ya Wakristo, ngoma ya Kigikuyu ilishushwa ikawa pepo mbaya, hata leo ni neno la kutukania. Kiswahili hakikufanya hivyo kwa ukamilifu: *kuzimu*, neno la asili ya Kibantu lenye undugu na *mzimu*, limo hadi leo katika Kanuni ya Imani, mahali panapotajwa kushuka kwa Kristo kwa wafu.

Tofauti ya ibada hizo mbili ni kubwa, kwani ngoma zilimiminiwa pombe na kuombwa msaada, ilhali roho za toharani ndizo zinazoombewa. Hata hivyo kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, mjukuu hutakiwa awakumbuke wazee wake kwa majina. Kwa Kigikuyu, neno ambalo babu yake angelitumia kwa wafu hao limekwisha kuwa jina la shetani. Kwa Kiswahili aweza kusema *roho ya babu yangu*, na hakuna atakayeshtuka.