Viwavi wa michungwa: Chunguza mti kabla ya kukimbilia sumu

MVUA zinaponyesha na miti kuanza kuchipua, wakazi wengi wa mijini waliopanda mindimu, milimau na michungwa kandokando ya nyumba zao hukumbwa na adha moja. Mche uliokuwa umesheheni majani machanga hubakia vijiti vitupu katika muda wa siku chache tu.

Mara nyingi mharibifu huwa ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu wa wadudu humwita Papilio demodocus. Kipepeo huyo, ambaye upana wa mabawa yake huweza kufikia sentimita 10 na zaidi, hupatikana karibu kote barani Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara. Yeye mwenyewe hali majani, bali hufyonza utamu wa maua. Wanaokula majani ni watoto wake.

Wengi wanapoona uharibifu huo hukimbilia dukani kununua sumu. Hapo ndipo penye hatari, kwani mti wa uani huwa karibu na jiko, kisima, banda la kuku na mahali wanapochezea watoto. Isitoshe, tunda lake huliwa nyumbani humohumo, na ndimu hutiwa katika achari pamoja na ganda lake.

Ili kumdhibiti mdudu huyu, kwanza ni vyema kufahamu maisha yake. Kipepeo jike hutaga mayai madogo ya mviringo yenye rangi ya manjano, moja moja, juu ya majani machanga. Ndiyo maana mashambulizi hushika kasi miti inapochipua. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na kiwavi hukua kwa wiki kadhaa huku akijivua ngozi kila anapoongezeka ukubwa.

Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia iliyokoza yenye mabaka meupe, na akitulia juu ya jani hufanana mno na kinyesi cha ndege. Kwa hila hiyo huwakwepa ndege, na watu pia humpita bila kumtambua. Akikomaa hugeuka kijani, hufikia urefu wa sentimita 4 hadi 5, na akiguswa hutoa nyuma ya kichwa chake kitu kama pembe mbili chenye harufu kali. Harufu hiyo ni ya kuwatisha maadui na haimdhuru mtu.

Swali la pili ni umri wa mti. Mchungwa mkubwa wenye afya una akiba ya chakula katika shina na mizizi, hivyo hupoteza sehemu ya majani yake na kuchipua upya bila madhara makubwa. Mche wa mwaka mmoja au miwili hauna akiba hiyo. Viwavi wachache tu huweza kuumaliza, na ukivuliwa majani mara kwa mara unaweza kudumaa au kufa. Kwa hiyo, nguvu zielekezwe kwanza kwenye miche.

Kwa miti michache ya nyumbani, njia iliyo bora ni mikono. Kagua pande zote mbili za majani machanga kila baada ya siku mbili au tatu wakati wa kuchipua, ondoa mayai, kisha okota viwavi na kuwaponda au kuwatumbukiza katika maji ya sabuni. Dakika chache za asubuhi zinatosha, ilimradi kazi hiyo ifanywe wakati viwavi wangali wadogo.

Mwenye mti asisahau kuwa anao wasaidizi. Ndege hula viwavi, na nyigu wadogo hutaga mayai ndani ya mayai au miili ya wadudu hao na kuwaua. Sisimizi wakali wa rangi ya kahawia, maarufu kwa jina la majimoto, nao huwinda wadudu mitini. Nchini China, jamaa wa sisimizi hao wametumika kulinda michungwa kwa zaidi ya miaka 1,600. Sumu kali huwaua wasaidizi hawa pamoja na viwavi, na kizazi kinachofuata cha viwavi hukuta mti hauna mlinzi.

Viwavi wakizidi, mwarobaini hufaa. Gramu 50 za kiini cha mbegu zake zilizosagwa hulowekwa katika lita moja ya maji usiku kucha, maji hayo huchujwa na kutiwa sabuni kidogo, kisha hunyunyizwa jioni kwa kuwa jua kali hudhoofisha nguvu yake. Mwarobaini hauui papo hapo. Humkatisha kiwavi hamu ya kula na kumzuia kukua.

Ikilazimu kununua kiuatilifu, kiwe kimesajiliwa na kuwa katika chombo chake chenye maelezo. Nchini Tanzania kazi ya usajili hufanywa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Sumu iliyopimwa katika chupa ya maji haifai, kwani mnunuzi hawezi kujua ni ya mmea gani, ichanganywe kwa kiasi gani, wala ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma matunda.

Kumwagia mti mafuta ya taa au kuwasha moto chini yake ni makosa, kwa sababu huunguza majani na tabaka hai lililo chini ya gome. Aidha, viwavi wenye manyoya wanaovamia miti mingine wasiguswe kwa mikono mitupu, maana manyoya yao huweza kuwasha ngozi na kudhuru macho.

Na mti uliokwisha kuvuliwa majani usikatwe kwa haraka. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Likiwa na ubichi wa kijani ndani, mti ungali hai. Umwagiliwe, uwekewe mboji na matandazo, kisha ulindwe hasa pale machipukizi mapya yatakapotokea, kwani hayo ndiyo kipepeo anayoyatafuta.