Kemikali zafichua siri za kimelea cha malale

WILAYA za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako kuna mbung'o wanaoeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Mwaka 2001, baadhi ya watalii waliotembelea hifadhi hiyo waligundulika kuwa na malale waliporejea makwao.

Jenomu ya kimelea cha ugonjwa huo, Trypanosoma brucei, ilichapishwa mwaka 2005 ikionyesha jeni zipatazo 9,000. Hata hivyo, kazi za protini nyingi zinazotokana na jeni hizo hazikujulikana.

Njia mojawapo ya kuielewa protini ni kuizuia kwa kemikali, kisha kuangalia kinachoharibika ndani ya seli. Ni kama fundi anayechomoa waya mmoja ili aone taa ipi itazimika.

Ugumu ni kwamba kemikali moja yaweza kugusa protini kadhaa kwa pamoja. Suramin imetumika kutibu malale tangu miaka ya 1920, lakini kwa kuwa inazuia vimeng'enya vingi, namna hasa inavyokiua kimelea haijaeleweka kikamilifu.

Kwa sababu hiyo, watafiti hudai ushahidi zaidi. Mwaka 2018, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uingereza, pamoja na wenzao, waliichunguza dawa ya acoziborole. Walibaini kuwa vimelea vilivyotengeneza kwa wingi protini iitwayo CPSF3 viliihimili dawa hiyo. Walipobadilisha asidi-amino moja tu ya protini hiyo, nguvu ya dawa ilipungua. Hivyo ikathibitika kuwa shabaha ni CPSF3, ambayo ni mithili ya mkasi unaokata RNA inayobeba maelekezo ya jeni.

Kwa wakazi wa maeneo kama Mbalibali, hilo si suala la maabara pekee. Melarsoprol, dawa ya siku nyingi ya malale yaliyofika kwenye ubongo, ina aseniki na yaweza kumuua mgonjwa. Kadiri shabaha inavyojulikana, ndivyo inavyowezekana kutafuta dawa inayokidhuru kimelea na kumwacha mgonjwa salama.

Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza vidonge vya fexinidazole kwa malale ya Afrika Mashariki, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Malale ya aina hiyo yasipotibiwa huua ndani ya miezi michache, hivyo mwenye homa baada ya kuumwa na mbung'o anapaswa kuwahi hospitali.